Shahidi wa Tatu

Karani aliita jina langu lote,
Rispa Kageha Inyangala,
na ukumbi wa mahakama pale Mbale
ukatulia kama darasa mwalimu anapoingia.
Nikaapa. Mkono ulinuka kitunguu:
nilitoka soko la Luanda alfajiri,
mafungu yangu nikamwachia jirani.

Kiongozi wa mashtaka, kijana, tai nyembamba,
alifunua faili akasoma
kama asomaye bei dukani:
“Tarehe tisa Machi ulilazwa. Siku nne.
Ulipasuliwa. Ukajifungua mtoto wa kiume,
kilo tatu na robo.
Ni kweli, mama?”

Nina miaka sitini na minane.
Kitindamimba wangu ana kipara.

Watu walicheka. Hata askari magereza
aliinamia viatu vyake, mabega yakimtikisika.
Mimi nilikuwa nahesabu kwa vidole:
Machi tisa nilipanda maharagwe,
mvua ilikuwa imetangulia.
“Sijazaa, mheshimiwa,” nikasema.
“Labda faili ndiyo iliyozaa.”

“Na alama hii ya kidole?”

Kidole ni changu.
Ilikuwa Jumamosi, hema jeupe, presha inapimwa bure.
Msichana wa kompyuta alinishika kidole
kama mtu achaguaye bamia,
akakibonyeza kwenye kijisanduku chenye taa nyekundu.
“Tena, nyanya. Kimeteleza.”
Akanipa sukari, nusu kilo.
Nilisema asante.
Nilisema asante mara mbili.

Kizimbani, Tabibu Elphas Kisia
alivaa koti lile lile la kahawia
la usiku ule alipokuja kwa miguu, tope hadi magotini,
mjukuu wangu akipigwa na degedege.
Alimkalia mpaka jogoo wa pili,
akanywa uji, akaondoka.
Hakudai hata shilingi.

Wakili wake akaniuliza: “Alikuwa mwema kwako?”
“Ndiyo.”
Kijana wa tai akainuka: “Na saini hii ni yako?”
“Hapana. R yangu ina mkia.”
Hakimu aliyaandika yote mawili
kwa kalamu ile ile.

Novemba wakasoma hukumu. Mashtaka kumi na moja.
Mama mmoja wa Esibuye alikuwa ameng'olewa figo tatu.
Marehemu Zadoki alikuwa amesafishwa damu
wiki sita baada ya sisi kumzika.
Faini milioni mbili au jela miaka mitatu,
fedha zirudishwe, leseni ifutwe.
Mkewe aliuza shamba la chini, lile la migomba,
na bado hazikutosha.
Msichana wa kompyuta alikuwa shahidi wa serikali;
siku hizi anauza mitumba Majengo.
Mwenye zahanati, aliyechota kwa sufuria,
hakuitwa. Alikuwa ng'ambo, walisema,
akitibiwa moyo.

Zahanati ina kufuli sasa, na mbuzi kivulini.
Kwa vidonge vya presha naamka saa kumi,
nauli kwenda, nauli kurudi.

Juzi tumbo liliniuma kweli.
Hospitali kubwa, daktari kijana tena
(siku hizi kila anayeniuliza swali ni kijana)
alitazama kioo cha kompyuta, akakunja uso.
“Bibi, ulipasuliwa. Kovu liko wapi?”
Nikafunua.
Akatazama tumbo. Akatazama kioo.
Akatazama tumbo tena, karibu zaidi,
akipapasa kwa kidole, polepole,
kana kwamba mimi ndiye niliyelificha.

“Hukumu ilishasomwa,” nikamwambia.
Akasema mtambo haujui habari za hukumu.

Mke wa Kisia hununua vitunguu kwangu.
Hatuzungumzi. Namwongezea kimoja,
naye huondoka bila kungoja chenji.
Nikibaki peke yangu, napanga mafungu upya,
na kuna siku namhesabia yule wa kilo tatu na robo:
mwaka huu angekuwa anaanza shule.
Angehitaji viatu.